Usaili wa kazi ya kuuza kwenye duka la vito, saa na bidhaa za kifahari: mwongozo kwa walio Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Aliyeuza viatu vya mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa miaka miwili mitatu tayari anajua nusu ya kazi ya duka la dhahabu na saa. Anajua kumsoma mteja kabla hajafungua mdomo. Anamtambua aliyekuja kununua na aliyekuja kupitisha muda, na hakasiriki mtu akijaribu jozi kumi kisha akaondoka mikono mitupu. Kinachowaangusha vijana wetu kwenye usaili ni nusu iliyobaki. Wanaingia wakidhani wanatafutwa watu wenye sura ya kitajiri, Kiingereza cha puani na suti ya kuazima. Msaili anatafuta kitu kingine kabisa: mtu ambaye mteja mwenye milioni tatu mfukoni atakaa naye nusu saa bila kuhisi anaharakishwa, anadharauliwa au anapigwa.

Maduka ya aina hii kwetu si mengi. Kuna masonara, kuna maduka ya saa na manukato, ya suti na viatu vya ngozi, na ya samani za bei kubwa. Nafasi nyingi ziko Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, kwa hiyo nimemweka pia anayelazimika kupanda basi. Mifano mingi nimeichukua kwenye vito, kwa sababu huko ndiko makosa ya muuzaji yanagharimu zaidi. Anayeomba kazi ya manukato au suti atabadilisha bidhaa tu, maswali ni yale yale.

Hatua ya 1: Ingia dukani kabla ya kutuma maombi

Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, duka likiwa tulivu. Vaa kawaida, nadhifu. Usijifanye mnunuzi. Ukiulizwa, sema unaangalia, maana ndivyo ilivyo.

Angalia umesalimiwa baada ya muda gani na kwa maneno gani. Angalia bei zimeandikwa au zinaulizwa. Kisha tazama mikono ya muuzaji, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Muuzaji mzuri wa vito hamwagi trei nzima juu ya kioo. Anatandika kitambaa cha mahameli, anatoa pete moja, anaigeuza mwanga uipate, anaiweka juu ya kitambaa mbele ya mteja, kisha anaondoa mkono wake. Hampi mteja hewani, kwa sababu pete ikianguka katikati ya mikono miwili hakuna ajuaye nani kaiangusha. Mteja akitaka ya pili, ile ya kwanza inabaki pembeni ikionekana au inarudi kabatini. Zikizidi tatu mezani, mteja anachanganyikiwa na muuzaji anapoteza hesabu. Na kabati linafungwa kila mara, hata kama atalifungua tena baada ya dakika moja.

Jioni yaandike uliyoyaona. Siku ya usaili ukisema, "Nilipita hapa Jumatano, niliona mnatoa kipande kimoja kimoja na mnafunga kabati kila mara," umeshawaacha nyuma wengi waliokuja na maneno ya "napenda kufanya kazi na watu". Usiende tu kumsema vibaya mfanyakazi uliyemkuta. Huenda ndiye anayekufungulia mlango siku hiyo, na huenda ni shemeji wa mwenye duka.

Duka likiwa Dar es Salaam na wewe uko Tukuyu au Mafinga, pitia kurasa zao za Instagram taratibu. Uone wanauza nini zaidi, wanajibuje wateja, wanataja bei au wanasema "njoo inbox". Kama una ndugu mjini, mwombe apite akuangalizie.

Hatua ya 2: Ijue bidhaa kiasi cha kutoaibika

Hakuna anayetegemea uwe sonara. Lakini mtu anayeomba kazi ya kuuza dhahabu asiyejua karati 18 ni nini amewaambia wasaili kwamba hakujiandaa.

Anza na dhahabu. Usafi wake hupimwa kwa karati. Karati 24 ni dhahabu tupu, na ni laini mno kwa pete ya kuvaa kila siku. Karati 22 ina dhahabu takribani asilimia 91.6, karati 21 asilimia 87.5, karati 18 asilimia 75, karati 9 asilimia 37.5. Kinachobaki ni shaba, fedha na madini mengine yanayoipa ugumu na rangi. Ndani ya pete hugongwa mhuri mdogo: 916, 875, 750 au 375. Fedha nzuri hugongwa 925. Kwa hiyo pete ya gramu 5 ya karati 18 ina dhahabu halisi gramu 3.75. Fanya hesabu za namna hii mpaka zikutoke bila kalamu, maana mteja wa Chunya aliyezaliwa kwenye machimbo anazijua kuliko wewe na atakupima. Jua pia kueleza tofauti ya dhahabu na ya kuchovya, yaani madini mengine yaliyopakwa dhahabu juu, bila kuidharau ya kuchovya, hasa kama duka linauza zote mbili.

Vito. Tanzanite inachimbwa sehemu moja tu duniani, Mererani mkoani Manyara. Ilijulikana mwaka 1967, na kampuni ya Marekani ya Tiffany & Co. ndiyo iliyoipa jina hilo na kuiingiza sokoni mwaka 1968. Sehemu kubwa ya tanzanite ya dukani imepashwa moto ili bluu yake itokee. Ni jambo la kawaida kwenye biashara hiyo, na mteja akiuliza aambiwe. Ni jiwe laini kuliko almasi: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Maana yake ni kwamba pete ya tanzanite haivaliwi wakati wa kuosha masufuria kwa mchanga, na husafishwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi laini, siyo kwa mashine ya mvuke. Muuzaji anayemwambia mteja hivyo kabla hajalipa anaaminiwa. Almasi huangaliwa kwa mambo manne: uzito, ukataji, rangi na usafi wa ndani. Karati ya uzito wa jiwe ni gramu 0.2, na haina uhusiano na karati ya dhahabu. Swali hilo wasaili wanalipenda sana, kwa hiyo lishike.

Saa. Kuna ya betri, na kuna ya mashine inayojijaza kwa mwendo wa mkono, ambayo ikikaa kabatini siku mbili tatu inasimama na wala haijaharibika. Wateja wengi hurudi wakilalamika kwa hilo tu. Maandishi ya mita 30 kwenye saa hayana maana kwamba unaweza kuzama nayo Ziwa Nyasa mpaka kina hicho. Inahimili mvua na maji ya kunawa. Saa iliyoandikwa kwamba imetengenezwa Uswisi lazima angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji zitumike nchini humo.

Manukato kwa ufupi: eau de parfum ina mafuta mengi ya harufu kuliko eau de toilette, ndiyo maana inakaa zaidi na bei iko juu. Harufu ya dakika ya kwanza siyo ile ya baada ya nusu saa, kwa hiyo mpulizie mteja kwenye kikaratasi, kisha kwenye kifundo cha mkono, umwache azunguke duka. Harufu zikizidi tatu pua inachoka. Kwa suti, jua kutofautisha sufu na polista kwa kushika, na jua kupima bega, maana bega lisipokaa hakuna fundi wa Mwanjelwa wa kuliokoa kwa bei nafuu.

Jambo la mwisho hapa ni kutamka bei. Zamani maduka kadhaa yalitaja bei kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za biashara ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo utakuwa unataja mamilioni ya shilingi. Fanya mazoezi kwa sauti: "Milioni nne, laki mbili na hamsini." Bila kushusha sauti, bila kucheka kidogo, bila "samahani". Anayetamka bei kama anaomba radhi anauza kwa mfuko wake mwenyewe. Bei ni kubwa kwake, kwa hiyo anadhani ni kubwa kwa kila mtu.

Hatua ya 3: CV inayosema ulichofanya

Usiandike "mfanyabiashara ndogondogo, 2021–2024" ukaishia hapo. Andika kwamba ulisimamia meza ya viatu sokoni, ulifungua belo na kupanga mzigo kwa daraja, uliweka bei, ulikabidhi hesabu kila jioni. Kama ulikuwa na wateja wa kudumu uliowatumia picha WhatsApp mzigo mpya ukifika, hicho ndicho kipengele cha juu kabisa. Maduka haya yanaishi kwa daftari la wateja: nani anavaa namba ngapi, mkewe anapenda rangi gani, kumbukumbu ya ndoa ni lini. Wewe umeifanya kazi hiyo bila kujua ina thamani gani kwao. Taja idadi, lakini iwe ya kweli, maana utaulizwa.

Andaa pia kitambulisho cha NIDA, vyeti, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wenye kazi inayoeleweka. Duka la dhahabu litawapigia wadhamini hao kweli, kwa hiyo wape taarifa mapema. Mdhamini akishangaa jina lako kwenye simu, yameisha.

Kuanzia siku uliyotuma maombi, simu ni sehemu ya usaili. Ondoa wimbo ule anaousikia anayekupigia, hata kama ni wa injili. Ukipigiwa uko kwenye daladala kati ya Uyole na Kabwe, sema: "Asante kwa kunipigia. Nipo barabarani, naomba nikupigie baada ya dakika kumi." Kisha piga kweli.

Hatua ya 4: Mikono, viatu, harufu

Hapa watu wanatumia fedha nyingi mahali pasipo. Suti mpya siyo lazima. Suruali nyeusi iliyopigwa pasi, shati jeupe au blauzi ya rangi moja, au gauni la heshima chini ya magoti, vinatosha. Kinachoangaliwa zaidi ni mikono, kwa sababu ndiyo itakayoshika pete mbele ya mteja. Kucha fupi, safi, na zikipakwa rangi iwe moja tulivu. Mafuta kidogo ngozi isipauke, hasa Juni na Julai baridi yetu inapopasua mikono mpaka inaonekana kama ya mtu aliyetoka kulima. Vua mapete yako, acha la ndoa na saa ya kawaida. Usivae saa feki ya kampuni kubwa kwenda kuomba kazi kwa watu wanaoijua orijino kwa kuitazama toka mlangoni. Hilo limewaponza wengi.

Marashi yawe kidogo, na kwenye duka la manukato usipake kabisa. Tai, hijabu, kilemba, vyote sawa vikiwa safi na vimefungwa vizuri.

Viatu wakati wa masika: vaa raba au kandambili mpaka karibu na duka, viatu vya usaili vikiwa kwenye mfuko na kitambaa kikavu. Tope la Mbeya halifutiki kwa tishu. Panda bajaji siku hiyo, boda itakupeperusha nywele na vumbi.

Hatua ya 5: Ukiwa unasafiri, au unasailiwa kwa video

Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Usipande basi la usiku ukatarajia kushuka stendi na kwenda moja kwa moja kwenye usaili wa saa tatu asubuhi. Fika siku moja kabla, ulale, uoge, na ujue joto la kule halitaki sweta uliyotoka nayo Iringa. Nauli na mahali pa kulala ni juu yako mpaka wakuambie vinginevyo. Kama ni mzigo kwako, omba kwa adabu hatua ya kwanza ifanyike kwa video. Wengi wanakubali.

Kwa video, kaa uso ukielekea dirisha, simu isimame yenyewe, ukuta nyuma uwe mtupu. Waambie wa nyumbani mapema, na jogoo umpangie pa kwenda.

Hatua ya 6: Ndani ya chumba

Salimia kila mtu, kuanzia mlinzi. Kwa wasaili wenye umri wa wazazi wako, "Shikamoo" haijawahi kumharibia mtu. Lakini angalia: dada wa miaka thelathini na kitu anayesimamia duka huenda asifurahie kuzeeshwa. "Habari za asubuhi, dada" inatosha. Nalisema hili kwa sababu ni lile lile utakalokutana nalo kwa wateja, na msaili makini anakupima tangu hapo.

Lafudhi yako ya Kinyakyusa au Kihehe iache ilivyo. Anayejitahidi kuificha anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Kiingereza kikihitajika, kama kwenye duka la watalii au kwa wateja wanaovuka Tunduma kutoka Zambia, jiandae kueleza bidhaa tatu kwa sentensi fupi zilizonyooka, na useme wazi kiwango chako.

Maswali huzunguka mambo machache. Wakisema "Jieleze", hawahitaji historia ya shule ya msingi. Dakika moja: umeuza nini, wapi, umejifunza nini kuhusu wateja, kwa nini sasa unataka kuuza hiki.

"Tuambie mara uliyouza kitu cha bei kubwa." Kubwa ni kwa kulinganisha. Kama ni kabati la mninga la laki nane, au jozi ya viatu iliyouzwa mara tatu ya bei ya jozi nyingine mezani, eleza. Mteja alikuwa nani, alisitasita wapi, ulimuuliza nini, ikaishaje. Sehemu ya "ulimuuliza nini" ndiyo wanayoisubiri. Wauzaji wabovu husimulia walichosema wao tu.

"Mteja anasema bei kali, anaomba umpunguzie." Hili ndilo linalotenganisha soko na duka. Mwanjelwa bei ya kwanza ni mwanzo wa maongezi, na hapa mara nyingi bei ni bei. Ukijibu "nitampunguzia kidogo ili asiondoke", umeanguka. Ukijibu "nitamwambia bei imeandikwa", umeanguka pia. Jibu lenye akili linapita hivi: unamkubalia kwamba ni fedha nyingi, unamweleza kilichomo ndani ya bei, yaani uzito, karati, waranti, kurekebishwa kipimo, kusafishwa. Kisha unauliza angependa abaki ndani ya kiasi gani, unamtolea kingine cha kiasi hicho bila kumfanya ajione ameshuka. Punguzo, kama lipo, analiamua meneja. Usisahau kutaja risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mteja anayekuambia "nitolee bila risiti tupunguze kodi" ni mtego wa kawaida kwenye usaili, na jibu ni hapana yenye tabasamu.

"Mzee anaingia na gambuti zenye tope." Kila mtu hujibu kwamba asimdharau kwa sababu huenda ni tajiri. Si vibaya, na kwetu ni kweli kabisa: anayelima viazi Uporoto, parachichi Rungwe au mpunga Usangu hatembei na suti, na msimu ukiwa mzuri analipa taslimu. Lakini jibu hilo lina kasoro. Linaonyesha kwamba ungejua kwa hakika hana kitu, ungemdharau. Afadhali useme unachofanya: shikamoo, kiti, maji, "karibu baba, nikuonyeshe nini?", na unatoa kipande kile kile ambacho ungemtolea mkurugenzi. Tope litafutwa akiondoka.

"Mteja alikuja Jumanne na dada mmoja, akamnunulia mkufu. Jumamosi kaja na mkewe." Mji wetu ni mdogo na swali hili si la kubuni tu. Unamsalimia kama mteja yeyote. Hutaji mkufu. Hata "karibu tena" usiseme, maana "tena" hiyo peke yake inatosha kuwasha moto nyumbani kwa watu. Sema "Karibuni sana." Mwongezee msaili kwamba hupigi picha wateja kuweka status, na namba zao hazitoki kwenye daftari la duka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuitaja kwa sentensi moja kunaonyesha unajua siri ya mteja ni sheria pia.

"Pete imepotea zamu yako, unafanyaje?" Unamjulisha meneja hapo hapo, kabati linafungwa, hakuna anayetoka kwenye zamu kabla ya hesabu, kamera zinaangaliwa. Usijibu kwamba ungeitafuta kwanza kimya kimya. Dakika hizo za kimya ndizo zinazomfanya mtu asiye na hatia aonekane mwizi.

Kuhusu tageti, yaani kiasi cha mauzo unachotakiwa kufikia, wakikuuliza kama utafikia, uliza kwanza inapangwaje: kwa mtu au kwa duka, kwa mwezi au kwa msimu. Anayeapa atafikia kitu asichokijua haaminiki.

Hatua ya 7: Jaribio la kuuza

Wengi watakupa kitu, saa au hata kalamu, waseme "tuuzie". Au meneja anajigeuza mteja. Anayeanza kusifia bidhaa papo hapo ameshakosea njia. Inavyokwenda vizuri ni hivi:

"Naangalia tu."

"Karibu sana, kaka. Angalia kwa nafasi yako. Ukitaka nikutolee chochote, niko hapa."

Kisha rudi nyuma hatua mbili na unyamaze. Hii ni ngumu kwa aliyezoea kumvuta mteja mkono, "anko njoo, ingia, kuona bure". Meneja atanyamaza makusudi kuona kama utavumilia. Vumilia. Atasimama mahali.

"Hii bei gani?"

"Hiyo ni milioni moja na laki sita. Ni karati 18, gramu nne na nusu. Ni yako mwenyewe au ni zawadi?"

"Ya mchumba. Harusi mwezi wa nane."

"Hongera sana, kaka. Yeye kwa kawaida anavaa vitu vinavyoonekana au vidogo vya kutulia?"

"Hapendi makubwa."

"Basi hii hapa itamfaa kuliko ile uliyoanza nayo. Kipimo cha kidole chake unacho?"

"Sina, na sitaki ajue."

"Hakuna shida. Kuna pete anaivaa kidole hicho hicho? Mdogo wake akuletee kwa nusu siku tu, tuipime. Ikishindikana, chukua ya kukadiria, tutaipanua au kuipunguza baadaye."

Bei imetajwa mara moja, ikafuatiwa na taarifa, ikafuatiwa na swali. Haikuachwa ikining'inia. Maswali yalikuwa ya kumhusu mvaaji, na tatizo la mteja, siri na kipimo, limetatuliwa kabla hajaombwa fedha. Kilichobaki ni kumwuliza kama amalizie leo au aiwekee malipo ya awali, kama duka linaruhusu, na atalipa kwa lipa namba, kadi au benki. Usiogope kuuliza hilo. Vijana wengi huuza vizuri kabisa kisha wanabaki wakitabasamu, mteja anasema "nitarudi", mchezo unaishia hapo.

Ukipewa kalamu, njia ni hiyo hiyo. Muulize anaandika nini na kwa nani kabla hujasema neno kuhusu wino.

Hatua ya 8: Mshahara, mkataba, na mitego

Watauliza unataka kiasi gani. Uwe umeulizia kwa watu wanaofanya kazi za aina hiyo mji huo huo, kisha utaje kiwango cha kuanzia na cha juu. Mshahara wa msingi na kamisheni ni vitu viwili, viulize kimoja kimoja. Kamisheni inalipwa lini? Mteja akirudisha bidhaa inakatwa? Sare ni ya nani?

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na likizo ya mwaka ni siku 28. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu. Uliza pia kuhusu NSSF. Swali muhimu kwa duka la vito ni hili: kitu kikipotea, makato yanakuwaje? Mwajiri hawezi tu kuamka na kukufyeka mshahara mzima. Sheria inataka ajulishe kwa maandishi na aonyeshe hasara imetokana na kosa lako, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Huna haja ya kumsomea vifungu chumbani. Uliza kwa upole utaratibu wao ukoje, usikilize jibu. Mwenye duka anayekasirika kwa swali hilo amekujibu.

Ukiombwa fedha ya fomu, ya sare au ya "kushikiwa nafasi" kabla ya mkataba, ondoka. Vivyo hivyo tangazo la duka kubwa la Dar linalotaka utume kitambulisho na namba ya siri ya simu.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Siku hiyo hiyo jioni tuma ujumbe mfupi: asante kwa muda wenu, nimefurahi kujifunza kitu fulani walichokueleza, nipo tayari kwa hatua inayofuata. Jina la meneja liandikwe sawasawa. Usitume sauti ya WhatsApp, na usipige simu kila siku. Wakisema watajibu baada ya wiki mbili, ziishe ndipo uulize, mara moja.

Wengine watakuita kwa siku za majaribio dukani. Kubali, lakini uliza zitakuwa ngapi na zinalipwa vipi. Siku hizo kazi yako ya kwanza ni kujifunza hesabu ya asubuhi na ya jioni, kipande kwa kipande dhidi ya daftari, na usisaini hesabu ambayo hukuihesabu mwenyewe, hata mwenzako mwenye miaka kumi pale akikuambia amekwisha kuihesabu.

Ukikosa, muulize meneja sababu kwa ujumbe mmoja wa adabu. Baadhi watakujibu kwa ukweli: Kiingereza, umbali, au walipata mwenye wateja wake tayari. Kisha omba jina lako libaki kwao kwa ajili ya Desemba, na mwanzoni mwa Novemba wakumbushe.